Sura ya Tano: Maneno ya Langoni

Siku ya kwanza nilipoketi na Nyar Kabuoch nilikuwa na dodoso mapajani na haraka moyoni. Alinipa kiti kimoja chenye kitambaa cha kufuma, yeye akakaa mkekani karibu na mlango, akawa anachambua omena juu ya gunia huku akinijibu. Maswali yenyewe ni 9. Huulizwa katika zahanati nyingi duniani kupima huzuni iliyomzidi mtu, na yote yanahusu wiki 2 zilizopita. Nikafika kwenye swali la usingizi: katika wiki hizo 2, ni siku ngapi umeshindwa kulala?

"Nimelala vizuri, nyathina," akasema. Mwanangu.

Nikaandika sifuri. Nilipojumlisha, alama zilikuwa 4, na kwa kipimo kile mtu wa alama 4 hana neno. Nikakunja karatasi zangu, nikaaga.

Akainuka kunisindikiza. Katika boma la Mluo mgeni hatoki peke yake kama aliyefukuzwa. Mwenyeji humtoa hadi langoni, mara nyingi hadi barabarani, wakienda polepole kana kwamba safari ndiyo inaanza. Tulipofika langoni alisimama, akashika nguzo, akatazama chini kuelekea ziwani, kisha akaniambia kwa sauti ile ile ya kuagana: "Umenijia wakati wa mbalamwezi. Njoo giza likiingia, ndipo uniulize habari za kulala."

Nilifika barabarani kabla sijaelewa. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hao wadogo huifuata nuru, na nyavu huvutwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu ya kuwaita, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Mume wa Nyar Kabuoch alitoka usiku mmoja wa giza, wenzake wakarudi bila yeye, na mwili ukapatikana siku ya tatu. Kutoka mlangoni pa nyumba yake ziwa linaonekana lote. Kila mwezi giza linaporudi, taa huwaka kule majini kama mji uliozuka usiku, naye hukaa macho mpaka zizimwe. Mbalamwezi ikirudi, analala. Dodoso langu lilikuwa limeangukia siku zake njema.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Nyar Kabuoch si jina la mtu mmoja. Ni "binti wa Kabuoch", na huko Homa Bay na Migori mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka hata akizeeka kwenye boma la mumewe. Mimi mwenyewe, ambaye baba yangu alitoka Karachuonyo akaenda kubeba mizigo bandarini na kunizaa Mombasa, huitwa Nyar Mombasa, na Kidholuo changu huwachekesha watoto.

Wanaofundisha tiba ya kiwewe hupenda kusema kwamba usimuulize mtu ana kasoro gani, muulize yaliyompata. Nakubaliana nao. Ila miaka yangu katika kaunti hizi mbili imenionyesha kwamba yapo maswali yanayotangulia hilo, na mshauri ndiye anayepaswa kujiuliza: unaulizia wapi, lini, kwa lugha gani, na nani mwingine anasikia? Mtu akikosea hapo, atapewa majibu ya adabu. Majibu ya adabu hayajawahi kumponya mtu yeyote.

Kiwewe, kwa maana tunayoitumia katika kitabu hiki, ni hali ya jambo lililokwisha kuendelea kutokea mwilini. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikiingiza rasmi katika kitabu chake cha magonjwa, kwa sehemu kubwa kutokana na yaliyowakuta askari waliorudi kutoka Vietnam. Dalili walizoorodhesha zinatambulika popote: mtu anashtuka kwa kishindo kidogo, anakwepa mahali na watu wanaomkumbusha, anaota jambo lile lile, au anakufa ganzi hata furaha haimgusi. Mwili wa Nyar Kabuoch ulikuwa ukifanya hivyo hivyo, kwa kufuata kalenda ya mwezi. Ufuoni hakuwa ameshuka tangu mazishi. Omena alizouza alizinunua kwa mchuuzi wa pili, kwa bei iliyompunguzia faida, na jirani zake walidhani amekuwa mvivu.

Lakini yeye hakuwa na neno moja la hali hiyo, wala hakulihitaji. Alisema ana paro mang'eny, mawazo mengi, na kwamba chuny yake imekuwa nzito. Chuny ni roho, ni moyo, na pia ni ini; mwili na nafsi vinakaa ndani ya neno moja. Mshauri anayetafsiri chuny kuwa "hisia" ameshapoteza nusu ya aliyoambiwa. Mama akisema chuny inamuuma, usimpeleke mbio kupimwa tumbo na kumrudisha na dawa za vidonda. Wala usilipuuze tumbo lake.

Mawazo mengi si ya Waluo peke yao. Nchini Zimbabwe Washona huita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 alilijenga juu ya neno hilo. Nyanya wa mtaani waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wao wa Harare, uliotoka mwaka 2016 na kuhusisha watu 573, ulionyesha waliokaa kwenye benchi wakipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ninachokipenda zaidi ni benchi lenyewe. Liko nje, kila mtu anakuona umeketi, na hakuna anayesikia. Kijijini kwetu mlango wenye kibao cha "Ushauri Nasaha" humtangaza mtu kuliko benchi lolote. Tulijifunza hilo wakati wa Ukimwi, pale chumba cha mwisho wa ukumbi wa zahanati kilipojulikana na kila mtu, na kila aliyeingia humo akahesabiwa.

Na Ukimwi ndio unaoeleza kwa nini eneo hili lina huzuni iliyorundikana. Kabla ya dawa kufika, familia zilizika, zikarudi, zikazika tena. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, miongoni mwa mahali pa kwanza katika hospitali za umma nchini Kenya. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 wa Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Watoto walioachwa miaka ile na kulelewa na dani, bibi zao, leo ni wazazi. Nimekaa na wanaume wa miaka 35 wanaoweza kukuonyesha makaburi ya baba, mama na ami zao wawili yakiwa yamepangana nyuma ya nyumba, wakakwambia kwamba hawakumlilia hata mmoja, kwa kuwa kila msiba uliwakuta bado wamo katika ule uliotangulia.

Desturi zilikuwepo za kubeba mzigo huo. Mtu mzima akifa, wanaume huswaga ng'ombe hadi mpakani, wakipiga kelele na kutimua vumbi, kukifukuza kifo kitoke bomani. Hiyo ni tero buru. Ukiniuliza mimi, waliobuni jambo hilo waliujua mwili kuliko wengi wetu wenye vyeti: hofu na hasira vilipewa miguu, sauti na mwelekeo, na hakuna aliyeachwa aketi peke yake na uchungu akiambiwa ajikaze. Lakini vifo vilipofululizana, watu walichoka na ng'ombe wakapungua. Desturi zikakatwa fupi. Ibada ya kanisa ikachukua sehemu, muziki wa usiku ukachukua sehemu nyingine, na kilichobaki kikakaa ndani ya watu.

Jirani zetu wa kusini mwa Uganda ndio waliotupa ushahidi wa mapema kwamba tiba ya mazungumzo inaweza kukaa vijijini bila kuwa na daktari wa akili kila kona. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililopigwa na Ukimwi kama letu. Kabla ya kutibu waliuliza watu huzuni yao inaitwaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Kisha vikundi vya wanawake na vya wanaume, kila kimoja kikiongozwa na mwenyeji aliyefunzwa kwa wiki 2, vilikutana kwa wiki 16. Waliokuwa na dalili za huzuni kubwa katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 86 mwanzoni. Mwishoni walibaki 6.5. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi na bado hunisisimua.

Njia waliyotumia huitazama huzuni kama kitu kinachoingia kupitia milango minne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya hali ya maisha, na upweke. Ilitoka Marekani, na ingekwama kama isingefanyiwa kazi. Kule ilikotoka, mshauri humsaidia aliyefiwa kukumbuka mazuri na mabaya ya marehemu. Masaka marehemu hasemwi vibaya. Basi waliuliza kwa njia nyingine: je, kuna nyakati alikuvunja moyo? Kule ilikotoka, mke huhimizwa amwambie mumewe waziwazi kinachomkera. Wanawake wa Uganda walieleza kwamba wao wana lugha yao, na mke aliyeudhika anaweza kupika chakula kibaya, mume akaelewa bila neno kusemwa. Walimu wa tiba wakakubali. Mimi naona kukubali huko ni sehemu ya ustadi kama yalivyo mafunzo yenyewe, kwa sababu mtu aliyeumizwa na wenye nguvu kuliko yeye hawezi kuponywa na mshauri ambaye naye anamlazimisha kusema kwa namna isiyo yake.

Njia hiyo hiyo ilifika Kisumu, katika kliniki za watu wanaoishi na virusi. Utafiti wa wanawake 256 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba vikao 12 na wahudumu wasio madaktari wa akili vilipunguza huzuni kubwa na kiwewe pia. Kisumu ni mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Ukivuka Sondu umeshaingia Homa Bay.

Nirudi kwenye lugha, maana hapa nina jambo ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Migori mjini utawakuta Waluo, Wakuria, Wasuba, Wagusii, Waluhya, Wanubi na Wasomali, na Kiswahili ndicho daraja. Mwanzoni niliamini kwamba lugha ya mama ndiyo lazima iwe lugha ya tiba, nikawa naona aibu kwa Kidholuo changu kibovu. Halafu nikaona mwanamke mmoja, aliyebakwa njiani akitoka sokoni, akisimulia tukio lote kwa Kiswahili, kwa utaratibu, macho makavu. Nikadhani ni ile ganzi ninayoijua. Alipomaliza akaniambia kwamba kwa Kidholuo asingeweza. Maneno ya viungo vile ni maneno ambayo hajawahi kuyatamka mbele ya mtu wa umri wa mama yake. Kiswahili kilikuwa glavu zake. Lakini kilio kilikuja wiki 3 baadaye, naye akilia aliongea Kidholuo kitupu, nami sikumkatiza kuuliza maana. Tangu hapo namwachia mtu achague lugha, na namwacha aibadilishe katikati ya sentensi.

Sasa nije kwenye lililo gumu. Tukisema tiba ifuate utamaduni, kuna wanaosikia kwamba tuinamishe kichwa mbele ya kila desturi. Siwezi kuinamisha.

Huko Kuria, upande wa Migori unaopakana na Tanzania, ukeketaji wa wasichana umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na bado msimu wake ukifika, hasa likizo ya Desemba, wasichana hukatwa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, walipitishwa barabarani mchana kweupe, wamefunikwa miavuli, wamevalishwa leso, pesa zimebandikwa nguoni kwa pini, watu wakishangilia. Fikiria kazi ya mshauri hapo. Mtoto aliyeshambuliwa gizani na mgeni anajua kwamba ametendewa ubaya. Huyu alitendewa na shangazi yake akapewa zawadi, na siku aliyoumizwa kuliko siku zote ndiyo siku aliyopigiwa vigelegele kuliko siku zote. Akija kwako miaka 10 baadaye, labda baada ya uzazi mgumu, hatasema "niliumizwa". Atasema hapendi sherehe, na hajui kwa nini.

Na yupo mwenzake aliyetoroka. Yeye mwili wake ni mzima, lakini ni omosagane, asiyetahiriwa, na kwao neno hilo hutemwa kama tusi. Amelala kwenye nyumba ya usalama mwezi mzima akisikiliza simu isiyolia. Nimejifunza kutowaweka wawili hao katika kikundi kimoja mapema, kwa sababu kila mmoja anamwona mwenziwe kama hukumu juu yake. Anayetoroka ana msiba wa kufiwa na watu walio hai, na mara nyingi tiba yake huanzia kwa mama yake: kumtafuta, kumwendea taratibu, kumpa naye nafasi ya kusema kwamba alikatwa, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa wajane wa Kiluo desturi inayobishaniwa ni ter. Mume akifa, mjane huingia katika chola, hali ya msiba iliyomganda, na hutoka humo anapochukuliwa na ndugu wa marehemu. Kabla ya hapo hatakiwi kuingia katika boma la mtu mwingine. Nililijua hili vitabuni. Na bado, tulipoanzisha kikundi chetu cha kwanza, nilikiweka nyumbani kwa mwenyekiti wa akina mama, kwa sababu palikuwa na kivuli kizuri. Tuliwaita 8, wakaja 5. Wajane 3 hawakuonekana. Niliandika katika daftari langu kwamba hawako tayari kwa tiba. Walikuwa tayari, mimi ndiye niliyewawekea mlango wasioweza kuupita. Tulipohamia chini ya mti kwenye uwanja wa zahanati, ambao si boma la mtu, walifika wote watatu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kwa jina kurithiwa kwa nguvu na kutakaswa kwa wajane kuwa ni ukatili. Sheria hiyo naisimamia. Mjane anapoambiwa alale na mwanamume asiyemtaka, katika nchi ya virusi, la sivyo mahindi hayapandwi na watoto watapatwa na chira, laana ya kuvunja mwiko, huo ni ukatili, na hakuna uzee wa desturi unaoupunguza. Lakini sheria haimwondolei chola. Mjane anayekataa ter anaweza kushinda mahakamani na kuendelea kuogopa kwamba amewaletea wanawe mauti, na mtoto akiugua malaria usiku, hofu hiyo inamkaba koo. Mshauri akimwambia "hayo ni imani tu" amemwacha peke yake na hofu. Mimi huuliza: hii chola, ukiitoa, ungetaka itoke namna gani? Na nani angekuwepo? Wajane wenyewe wana majibu. Wapo waliotolewa kwa sala ya wazee wa kanisa. Wapo walioridhika mzee wa ukoo alipotundika koti lake ndani ya nyumba, likalala usiku mmoja pasipo mwenyewe kulala.

Wenzetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, ambao lugha yao na yetu ni ndugu, walikuwa na jambo kama hilo kwa waliorudi kutoka vitani msituni. Kabla ya kuingia bomani, mtu aliyekaa mbali hukanyaga yai bichi langoni. Vijana waliotekwa na waasi wa Joseph Kony walipokelewa hivyo kwa mamia. Yai linasema: umerudi, u wetu. Ndoto za vita halizifukuzi, na wapo waliolikanyaga na bado wakaamka wakipiga mayowe. Katika eneo hilo hilo daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walijenga vikundi vya vikao 8 kwa watu wanaoishi na virusi katika Gulu, Kitgum na Pader, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Vikao vya mwanzo ni vya kusema na kulia, vya mwisho ni vya kujifunza kutafuta riziki. Matokeo ya watu 1,140, yaliyotoka mwaka 2020, yalikuwa mazuri, na nafuu haikuishia siku kikundi kilipofungwa.

Riziki haikuwekwa pale kama nyongeza. Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alipanga uponyaji kwa hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Ufuoni kwetu hatua ya kwanza ina bei. Mwanamke anayelazimika kulala na jaboya, mvuvi anayemuuzia samaki kwa sharti hilo, hawezi kukaa na mimi saa 8 mchana akafungua kilichomuumiza, halafu saa 10 alfajiri ashuke kwa yule yule. Ganzi yake ndiyo inayomvusha. Nikimvua hiyo ganzi kabla hajapata mtaji, au chombo, au kikundi cha kununua nacho samaki, nimemwacha uchi kwenye baridi. Ndivyo pia kwa wachimbaji dhahabu wa Macalder na Nyatike: kijana aliyefukiwa na udongo mara moja, anayeshuka shimoni tena kesho, kwanza namsaidia kulala na kupumua. Simulizi itasubiri.

Kwa watoto subira hiyo huwa na umbo. Huko Bungoma, na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa katika utafiti wa tiba ya kiwewe iliyopewa jina la Pamoja Tunaweza, matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Vikundi vya watoto vilikutana mara 12, walezi wao wakikutana kando, na katikati kila mtoto alikaa na mshauri peke yake kusimulia kifo chenyewe kidogo kidogo. Tiba ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Kile kikundi cha walezi kandoni ndicho ambacho hapa kwetu kinasahauliwa. Dani anayelea wajukuu 5 amezika watoto wake mwenyewe. Mtoto hawezi kulia nyumbani ikiwa kilio chake kitamvunja bibi yake, kwa hiyo hunyamaza kumlinda.

Wanaobeba kazi hii kijijini ni wahamasishaji wa afya ya jamii, nyamrerwa kama wazee wanavyowaita. Serikali ilizindua kikosi cha takriban 100,000 nchini kote mwaka 2023, wakapewa simu na mikoba. Wengi niliofanya nao kazi walikuwa wajane au yatima wa miaka ile ile. Mmoja aliniambia kwamba kila akiingia nyumba yenye mgonjwa aliyekonda, hunusa harufu ya chumba cha mama yake. Hakuna aliyempangia siku ya yeye kuketi na kusikilizwa. Tulianza kukutana nao Ijumaa moja kila mwezi, bila ripoti wala daftari, na ukweli ni kwamba wawili waliacha kazi baada ya kikao cha tatu, kwa sababu ndipo walipotambua wamechoka kiasi gani. Sijutii.

Kwa Nyar Kabuoch nilirudi giza lilipoingia. Hakunikaribisha ndani. Alitoa mikeka miwili nje, tukaketi tumeipa nyumba mgongo, na taa moja moja zikaanza kuwaka ziwani. Sikumuuliza lolote. Baada ya muda mrefu akanionyesha kwa kidole upande ambao mumewe alizoea kutegea, mbali kidogo na wengine, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa makelele. Mikono yake ilitetemeka. Nikamwambia aikandamize chini, aisikie ardhi. Akaikandamiza. Usiku ule hakusema zaidi ya hayo.

Alijiunga na wenzake chini ya mti wa zahanati. Shemeji yake alitaka ter, yeye akakataa, akaomba koti la mzee. Kanisa lilinung'unika kwa sababu ya koti, shemeji akanung'unika kwa sababu lilikuwa koti tu, na kwa wiki kadhaa hali bomani ilikuwa mbaya kuliko nilipomkuta. Nililala vibaya mimi pia. Wajane wawili wa kikundi walikuwa wakienda kwake kwa zamu usiku wa giza, kukaa nje naye.

Mwaka ulikuwa unaisha nilipomtembelea mara ya mwisho kabla sijahamishiwa Rongo. Tuliongea ndani habari za ada za shule na za mvua. Akanisindikiza. Langoni akasimama, akashika nguzo, akaniambia kwamba juzi alfajiri ameshuka ufuoni mwenyewe. Hakukaa sana, magoti yalikuwa yakigongana. Amenunua makarai 2, kwa bei ya ufuoni.